Mvua za kwanza Kigoma: kumbikumbi, uyoga, ziwa na kazi za pamoja

Kila mwaka, wiki ile mvua ya kwanza inapopiga, simu za wasikilizaji wetu hubadilika. Siku chache nyuma watu walikuwa wanalalamikia vumbi, joto na visima kukauka. Ghafla wanataka kusema habari nyingine: kumbikumbi wametoka Mwandiga, embe zimeanza kuiva Ujiji, vilima vya kule juu vimeanza kuwa kijani.

Tumeandika makala hii kwa ajili ya wiki hizo. Wenzetu wa nchi za baridi huusubiri mwezi wa tatu au wa nne, theluji iyeyuke, watoke nje. Sisi hapa tunasubiri wingu. Mvua za kwanza ndizo zinazotutoa ndani, na mengi ya kufurahia hayana kiingilio. Lakini ni kipindi hichohicho ambacho radi, uyoga wa sumu na ziwa lililochafuka huleta misiba ambayo ingeweza kuepukika. Kwa hiyo tutaeleza vyote viwili: raha yake na tahadhari zake.

Isomeni, hifadhini kwenye simu, na mkipenda msomeeni na jirani asiye na simu.

Msimu wenyewe ni upi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huuweka mkoa wetu katika makundi mawili. Wilaya za kaskazini, Kibondo na Kakonko, zimo katika utabiri wa vuli, yaani Oktoba hadi Desemba. Sehemu nyingine za mkoa zimo katika mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana ndugu yako wa Kakonko anaweza kukupigia simu kwamba ameshapanda mahindi, wakati wewe wa Ilagala bado unatazama juu.

Ishara huanza kabla ya tone la kwanza. Ukipita kwenye misitu ya miyombo kuelekea Uvinza mwezi wa tisa au wa kumi, utaona miti imevaa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, huku ardhi bado ni kavu kabisa. Wageni hudhani miti inakufa. Kinyume chake, inaamka. Miyombo hutumia akiba iliyojiwekea kuchipua kabla ya mvua, kisha majani hugeuka kijani. Ukitaka picha nzuri ya simu, wiki hizo mbili tatu ndizo zake.

Tukumbuke pia kwamba si kila mtu anafurahi wingu likitanda. Kwa mama anayeanika dagaa Katonga au Kibirizi, mvua ya ghafla ni hasara ya mtaji. Ukimwona anakimbilia kuanua, weka simu mfukoni umsaidie.

Kumbikumbi: chakula chetu na cha sokwe

Hakuna kinachokusanya watoto, wazee na kuku mahali pamoja kama kumbikumbi. Lakini wachache wanajua nini kinaendelea ndani ya kichuguu.

Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, madume na majike waliolelewa kwa ajili ya siku hiyo tu. Kabla ya mvua, mchwa wafanyakazi huchimba vijia hadi juu ya kichuguu na kuviziba kwa udongo mwembamba. Mvua inaponyesha na hewa kuwa na unyevu, vijia hufunguliwa na kumbikumbi huruka kwa maelfu. Wakitua hukata mabawa, dume na jike huandamana, na wakifanikiwa kuchimba shimo huanzisha kichuguu kipya. Wengi hawafiki. Huliwa na ndege, vyura, mijusi, kuku, na sisi.

Na sokwe. Novemba 1960, katika Gombe, kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa na kuwala. Baadaye aliona sokwe wakikwanyua majani ya kijiti ili kiingie vizuri tunduni. Wakati huo wataalamu wengi waliamini ni binadamu pekee anayetengeneza zana. Habari iliyotoka kwenye kichuguu cha Kigoma ikawalazimisha kufikiri upya.

Haikuwa bahati tu kwamba ilikuwa Novemba. Wakati huo ndipo vijia vimesogea karibu na uso wa kichuguu. Sokwe hukwangua kile kizibo chembamba kwa kidole, anaingiza kijiti, na mchwa askari wanakiuma kwa hasira. Anavuta, anakula. Mtoto wa Kalinzi na mtoto wa sokwe wa Gombe wanasubiri mlango uleule, msimu uleule.

Namna ya kuwakusanya inajulikana vijijini: taa juu ya beseni la maji usiku, au kufunika tundu kwa majani na kuacha njia moja inayoelekea kwenye shimo au chombo. Wapepete mabawa, wakaange bila mafuta kwa sababu wana mafuta yao, weka chumvi. Wakianikwa jua kali hukaa siku nyingi.

Tahadhari ni tatu. Usikusanye kwenye kichuguu au nyumba iliyopuliziwa dawa ya mchwa. Mtu ambaye mwili wake hukataa kamba au kaa aanze kwa kuonja kidogo sana, maana wadudu wanaweza kumletea shida hiyohiyo. Na usibomoe kichuguu kumtafuta malkia. Ukichukua kumbikumbi waliotoka, kichuguu kitatoa wengine mwakani. Ukimtoa malkia, umefunga duka.

Uyoga: ukiwa na shaka, acha

Kichuguu kina zawadi ya pili. Baadhi ya mchwa ni wakulima. Hukusanya majani makavu na miti, na ndani ya kichuguu hukuza ukungu maalumu juu ya mabaki hayo ili wale. Mvua zikikolea, ukungu huo husukuma uyoga mkubwa mweupe kupitia udongo. Huo ndio uyoga wa kichuguu, mtamu, mnene, unaouzwa barabarani kwa mafungu.

Kutafuta uyoga na mama au bibi anayeujua ni matembezi mazuri. Unajifunza msitu, unajifunza majina, unarudi na mboga. Lakini hapa hatutanii. Uyoga wenye sumu kali upo, na mwingine unafanana na ule unaoliwa.

Yapo maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi na si kweli: kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, kwamba ukichemsha na kumwaga maji sumu inaisha, kwamba kijiko kikibadilika rangi ndipo una sumu. Hakuna hata kimoja cha kutegemea. Kipimo pekee ni mtu anayeufahamu uyoga ule kwa uhakika, tangu shina lililo chini ya udongo hadi kofia. Kama mmetofautiana hata kidogo, uacheni.

Jambo la kuogopa zaidi ni muda. Uyoga ule mbaya kabisa hauleti dalili mara moja. Saa sita au zaidi hupita, pengine hadi siku nzima, ndipo kutapika na kuhara kunaanza. Kisha mgonjwa hupata nafuu, familia inashukuru, kumbe ini linaendelea kuharibika. Hivyo mtu aliyekula uyoga akaanza kutapika apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata akisema anajisikia vizuri. Chukueni na mabaki ya uyoga. Na wote waliokula chungu kimoja waende, si aliyeanza kuumwa peke yake.

Inua macho: wageni wa angani

Ukiona ndege wadogo wenye mikia ya panda wakizunguka chini chini juu ya shamba lililolimwa, hao ni mbayuwayu. Wengi wao wamezaliwa Ulaya na wameruka maelfu ya kilomita kukimbia baridi. Huku kwetu wanafuata wadudu wanaoletwa na mvua. Pengine utaona na korongo weupe wakitembea shambani kama mabwana shamba. Mwezi wa tatu na wa nne watakuwa wanarudi kaskazini, na huko watu watawapokea kama dalili kwamba baridi imekwisha.

Zoezi dogo kwa watoto: kaeni mahali pamoja robo saa baada ya kumbikumbi kutoka, mhesabu ni aina ngapi za ndege wanakuja kula. Halihitaji kitabu wala darubini.

Ufukweni, na ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Samaki wengi wa kwenye miamba yake hawapatikani mahali pengine popote. Watu huvuka bahari kuja kupiga mbizi kuwaangalia. Sisi tunaweza kuwaona kwa kusimama tu juu ya jiwe, Bangwe au Katonga, asubuhi kabla ya upepo, maji yakiwa maangavu.

Alasiri moja ya Jumapili ufukweni haigharimu kitu: mpira wa mchangani, mihogo ya kuchoma, migebuka kama mfuko unaruhusu. Ila msimu wa mvua hubadilisha maji, na haya ni ya kuzingatia.

Kwanza, midomo ya mito. Mvua ikinyesha milimani, Luiche, Malagarasi na vijito vidogo huleta matope. Kwenye maji ya matope humwoni mamba wala kiboko, naye hakuhitaji kukuona mapema. Waulize wavuvi wa eneo hilo kabla ya kuingia, na usiogelee karibu na mdomo wa mto.

Pili, kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji yaliyotulia, yenye matete na majani. Chagua ufukwe wa mawimbi na mchanga. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, nenda ukapime. Dawa ipo.

Tatu, dhoruba. Ziwa la msimu huu linaweza kuwa kama kioo saa nne asubuhi na kuwa na mawimbi ya kutisha saa nane. Kabla ya kupanda boti, sikiliza utabiri wa TMA. Vaa jaketi okozi, usilikalie. Boti ikijazwa kupita kiasi, shuka. Nauli utaipata tena.

Nne, maji ya kunywa. Mvua za kwanza huosha uchafu wa miezi yote ya kiangazi na kuuingiza ziwani na visimani. Mkoa wetu unakijua kipindupindu. Hatujasahau Kagunga, Mei 2015. Beba maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, hata kama unakwenda matembezi ya saa mbili.

Ujiji kwa miguu

Kama hupendi maji, kuna Ujiji. Novemba na Desemba ni msimu wa embe, na Ujiji ni mji wa miembe. Miembe mikubwa ya kale inahusishwa na njia ya misafara iliyotoka hapa hadi Bagamoyo. Chini ya vivuli hivyo walipita wafanyabiashara, wapagazi, na watu waliofungwa minyororo ambao hawakurudi tena kwao. Ukikaa chini ya mwembe wa Ujiji unakula embe, hiyo nayo ni habari ya kumsimulia mtoto.

Richard Burton na John Speke walifika hapa Februari 1858. Mwaka 1871, Henry Stanley alimkuta David Livingstone hapahapa. Mahali palipowekwa kumbukumbu ya kukutana kwao pana makumbusho. Mwembe wa enzi hizo ulikwishakufa, lakini miembe inayoonyeshwa leo imetokana nao.

Kutoka hapo teremka hadi pwani ya ziwa, uwaone mafundi wakitengeneza mitumbwi na boti kwa mikono. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mafundi wengi hufurahi kueleza kazi yao kwa mtu asiye na haraka.

Gombe ni yetu pia

Wasikilizaji wengi wameishi miaka yote wakiitazama Gombe kwa mbali, wakiamini ni ya Wazungu. Si kweli. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni, na kwa shilingi. Hakuna barabara, usafiri ni wa majini, na Kibirizi ndiko boti za kaskazini huondokea. Viwango hubadilika na kuna kikomo cha umri kwa watoto wanaotaka kufuata sokwe, hivyo ulizeni ofisi ya hifadhi kabla ya kuchanga. Shule au kikundi kikijipanga mapema, gharama ya boti hugawanyika.

Kama una mafua au kikohozi, ahirisha. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu kirahisi, na kwao mafua yanaweza kuua.

Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa rasmi 1968, ni ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilima vingi nje ya mpaka wake vilikuwa vimebaki vipara. Ndipo mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilipoanza mradi wa TACARE na vijiji jirani: vitalu vya miche, kilimo bora, na baadaye misitu ya hifadhi ya vijiji. Goodall alifariki dunia 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Kazi iliyobaki iko mikononi mwa wanavijiji, na msimu wake ni huu.

Kazi za pamoja zenye raha ndani yake

Msaragambo una sifa mbaya kwa sababu watu hukumbuka kulazimishwa. Lakini kazi ya nje ikipangwa vizuri, na uji au chai ikiwapo, ni sherehe. Hizi tatu zinafaa mvua za kwanza.

Kupanda miti. Subirini udongo ulowe hadi kina cha kiganja na zaidi. Mvua moja haitoshi. Mche uliopandwa mapema msimuni una miezi mingi ya mvua mbele yake. Kila mtoto apewe mche wake na jina lake, maana mti usio na mwenyewe huliwa na mbuzi. Wenye mashamba ya michikichi wanaweza kuuliza miche bora katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga.

Kuzuia udongo. Panda nyasi au miti kukata mteremko, acha ukanda wa majani kando ya kijito. Udongo unaoteremka hadi ziwani hufunika miamba ambako samaki huzalia na kula. Shamba linapoteza rutuba, mvuvi anapoteza samaki, kwa mvua moja.

Usafi wa mifereji na fukwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi kitaifa, na 9 Desemba ni Siku ya Uhuru. Mwaka 2015 taifa zima liliitumia kufanya usafi wakati kipindupindu kikisumbua. Maliza usafi saa nne, kisha mechi ya mitaa miwili. Tumeona watu wengi zaidi wakijitokeza kukiwa na mpira mwishoni.

Radi: jambo la mwisho, lakini la kwanza kukumbuka

Ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, nasi tuko upande wa pili. Haya tunayarudia redioni kila msimu na hatutachoka.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, acheni mpira, tokeni majini, tokeni shambani. Msikimbilie chini ya mwembe wala kwenye kibanda kilicho wazi. Ingieni jengo imara au gari lililofungwa lenye bati juu. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Refa asiogope kusimamisha mchezo, kocha asimbishie.

Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila hofu, mwangalieni kama anapumua, na kama moyo umesimama anayejua kukandamiza kifua aanze hapohapo. Msimfukie mchangani. Kila dakika ina maana. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Kabla ya kutoka nyumbani

Beba maji salama. Vaa viatu vilivyofunika mguu na shika tochi jioni, kwa sababu nyoka nao hutoka mvua zikianza. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kisitikiswe, kisichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana, awahishwe hospitali. Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi. Watoto wasiachwe peke yao ufukweni hata dakika chache.

Kisha toka. Wiki hizi hupita upesi; zikija mvua kubwa njia zitateleza na palizi litakaba. Mvua ikishapiga kwenu, tupigieni mtuambie ni kijiji gani, kumbikumbi wametoka saa ngapi, na ni nani aliyewahi kufika na beseni.